Mgeni Unguja na Pemba: salamu, saa na adabu za kukufungulia shughuli zako

Maswali yanayonifikia kutoka kwa jamaa wa Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na kwingineko ni yale yale. Duka linafunguliwa saa ngapi? Ofisi ya serikali naikuta mpaka saa ngapi? Nivae nini? Mbona nimemuuliza mtu njia akanitazama tu? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa Mswahili mwenzangu anayekuja visiwani kwa harusi, biashara, matibabu, masomo au mapumziko ya siku chache. Kiswahili unakijua, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanadhani wakishaijua lugha basi kila mlango uko wazi. Huku watu hutazama pia nani ameanza kuzungumza, ameanza na nini, na amekuja saa gani. Ukishika hayo matatu, mambo yako mengi yatakwenda, hata kama huna unayemjua.

VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUVUKA

- Kitambulisho. Mtanzania aje na kitambulisho cha taifa au kingine kinachokubalika, na tiketi ya boti iandikwe jina lile lile. Anayetoka nje ya Tanzania aje na pasipoti. Hata ukivukia Dar es Salaam, Unguja utapita tena kwa maofisa wa uhamiaji.
- Bima ya safari kwa asiye Mtanzania. Utaratibu ulianza 1 Oktoba 2024, chini ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa ada ya dola 44. Hulipwa mtandaoni. Ulizia mapema kama nchi yako imo, usingoje kufika kwenye dirisha.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kama unatoka nchi yenye ugonjwa huo.
- Shilingi za Tanzania taslimu, na ziwemo noti za 1,000 na 2,000. Konda wa daladala na muuza kahawa hawana chenji ya 10,000 asubuhi mapema.
- Laini ya simu ya Tanzania. Husajiliwa kwa alama za vidole: Mtanzania kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), mgeni kwa pasipoti, tena kwenye duka la kampuni yenyewe. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, na kwa mwanamke mtandio au kanga moja ya akiba.
- Viatu vya kuvulika upesi. Utavua kila unapoingia nyumbani kwa watu, na buti la kamba litakuchelewesha mlangoni huku wenyeji wamesimama wanakungoja.
- Jina la mwenyeji wako, la mtaa au kijiji, na jina la sheha wa hapo, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Nyumba nyingi hutafutwa kwa jina la mtu, namba ya nyumba haitakusaidia sana.
- Usije na mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku.

HATUA

1. Sawazisha saa, kisha isome tiketi mara mbili.

Unguja na Pemba wanafuata saa moja na Nairobi na Dar es Salaam. Ukitoka Rwanda, Burundi au Lubumbashi, sogeza saa yako mbele kwa saa moja.

Tiketi za boti na ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, lakini watu huzungumza saa za Kiswahili. 07:00 ni saa moja asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana, 16:00 ni saa kumi jioni. Ukipanga na mtu, taja na kipindi cha siku: “saa nne asubuhi”, siyo “saa nne” peke yake. Waliozoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane ndio wanaofika bandarini boti imeshaondoka. Boti ya mwendo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja huchukua muda wa saa mbili hivi. Fika mapema, kwa sababu mizigo hupimwa na foleni huwa ndefu.

2. Ukishuka bandarini, jua nani ni nani.

Malindi, ndiyo bandari ya Unguja mjini, utakutana na mahamali wenye magari ya kusukuma, na utakutana na mapapasi. Hamali anabeba mzigo kwa ujira. Patana naye kabla hajagusa begi. Papasi anakutafutia hoteli, teksi, hata mashua, kisha analipwa na unakopelekwa, na bei yako hupanda kwa ajili hiyo. Huna haja ya kugombana naye. Mwambie, “Ahsante ndugu yangu, nina mwenyeji wangu,” uendelee na njia yako. Akikufuata, rudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Ukimkaripia mbele za watu, utakayeonekana huna adabu ni wewe.

3. Salimu kwanza. Salimu kikamilifu.

Hii ndiyo hatua yenyewe khasa, nakuomba usiipite mbio. Bara na Nairobi mtu anaweza kumwambia muuza duka, “Boss, maji ya baridi bei gani?” na akajibiwa. Huku atajibiwa pia, lakini kwa ufupi, na kama alikuwa na swali la pili basi limeshakosa msaada. Tazama mazungumzo ya kawaida ya dukani:

— Asalaam alaykum.
— Waalaykum salaam.
— Habari za asubuhi?
— Nzuri, sijui wewe?
— Njema, alhamdulillah. Samahani, naulizia gari za Jambiani zinasimama wapi?

Nusu dakika haiishi. Baada ya hapo mara nyingi utaelekezwa vizuri, na pengine kijana atatumwa akusindikize mpaka kituoni bila kudai kitu.

Kama wewe si Mwislamu, hakuna anayekulazimisha kutoa salamu hiyo. “Hujambo” na “habari za asubuhi” zinatosha. Ukisalimiwa “Asalaam alaykum”, itikia “Waalaykum salaam”, ni uungwana tu. Wazee hupenda “sabalkheri” asubuhi na “masalkheri” jioni. Aliyekuzidi umri mpe “shikamoo”, na ungoje “marahaba” kabla ya kusema jambo jingine. Watoto wa nyumba unayofikia huenda wakaushika mkono wako na kuubusu. Waachie, ndivyo walivyolelewa.

Ukiulizwa habari, jibu “nzuri” au “salama” kwanza hata kama umeibiwa begi. Shida hufuata baadaye: “Salama, ila nina tatizo kidogo.”

Angalia makosa haya:
- “Mambo vipi” na “niaje” ni kwa rika lako. Usimpe mtu wa makamo.
- Usimuite mtu mzima kwa jina tupu. Mwanamke ni Bi Asha au Mama, mwanamme ni Bwana, Mzee au Ami kwa kadiri ya umri. Mwalimu wa skuli na wa chuoni (yaani madrasa) wote ni Maalim.
- Mwanamme asitangulize mkono kwa mwanamke. Akiunyoosha yeye, mpokee. Akiweka mkono kifuani, nawe fanya hivyo hivyo. Mwanamke naye afanye subira hiyo kwa mwanamme.
- Ukipita barazani penye watu wameketi, toa salamu. Kupita kimya mbele yao, tena mtaa wa watu, ni kujionyesha kuwa huwaoni.

4. Omba kwa lugha ya kuomba, na ujue kusikiliza jibu.

“Nipe maji” na “nataka chumba” huku ni maneno makavu. Sema “naomba maji”, “nisaidie”, “samahani nikuulize”. Hata bei ombea upungufu kwa upole: “Nipunguzie kidogo”, “Bei ya mwisho ngapi?” Usiponde bidhaa ya mtu ili akushushie. Na muuzaji akikubali bei uliyoitaja wewe mwenyewe, nunua. Kuondoka hapo ni kumvunjia heshima.

Jibu nalo lina namna yake. Mzanzibari si mwepesi wa kukwambia “hapana” usoni. Atakwambia “tutaangalia”, “njoo kesho” au “inshaallah”. Anayesema inshaallah mara nyingi ana nia kweli, ila hajakupa saa. Muulize kwa upole: “Nije kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri?” Akichagua, umepata miadi. Akirudia tu inshaallah bila ya kuchagua, jua jambo halijawa tayari, na utafute njia nyingine bila kununa.

5. Panga siku yako kwa adhana.

Kibao cha mlangoni kinaweza kusema duka liko wazi mpaka saa kumi na mbili, na ukakuta limefungwa saa saba. Hakuna aliyekudanganya. Siku ya huku imegawika kwa swala tano, na ukizijua hutopoteza nauli yako bure. Kwa makadirio, maana nyakati husogea kidogo kwa miezi: adhuhuri ni baada ya saa sita mchana, alasiri ni kabla ya saa kumi, magharibi ni jua likizama, baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na isha ni zaidi ya saa moja baadaye.

Ofisi za serikali hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Benki hufungua baadaye kidogo kuliko ofisi, na Jumamosi nyingi huwa na nusu siku. Soko la Darajani, nenda asubuhi. Mnada wa samaki haukungoji mpaka mchana. Maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungua kama saa tatu asubuhi, mengine hufungwa mchana wenyewe wakaswali, wakala na kupumzika, kisha hufunguliwa tena jioni. Wakati wa magharibi utaona mlango umeegeshwa au kiti kimewekwa kuwa kizuizi: subiri dakika chache, mwenyewe yuko msikitini. Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, vyakula vya usiku huanza kushamiri baada ya magharibi, kwa hiyo usiende saa kumi jioni ukasema hamna urojo.

Ijumaa ihesabu kuwa siku fupi. Kuanzia kama saa tano na nusu watu huanza kuondoka kwenda kuoga na kujitayarisha, na mpaka karibu na saa nane mji umetulia. Jambo la ofisini lisilomalizika Ijumaa asubuhi, liweke Jumatatu.

Ramadhani hubadilisha kila kitu, na kila mwaka huingia mapema zaidi kwa siku kama 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, kwa hiyo angalia kabla ya kukata tiketi. Mchana mikahawa mingi ya mjini hufungwa. Kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana usifanye kabisa, hata kama hufungi. Watu hukamatwa kwa hilo. Ukiwa na mtoto mdogo au mgonjwa, mlishe ndani. Baada ya futari mji huamka, na maduka hukesha mpaka usiku mwingi. Sikukuu zetu za Idi husherehekewa siku nne, na siku hizo usitegemee fundi wala karani.

Ongeza na siku za kitaifa ambazo ofisi hufungwa, nazo ni pamoja na 12 Januari (Mapinduzi ya 1964), 7 Aprili (kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa 1972) na 26 Aprili (Muungano wa 1964).

6. Ukienda ofisini.

Nenda asubuhi, suruali ndefu au nguo ya heshima, na nakala za kitambulisho mbili tatu kwenye bahasha. Salimia kuanzia mlinzi wa getini. Yeye ndiye anayejua kama unayemtaka yumo. Ukimaliza, mwulize jina aliyekuhudumia na namba ya faili, uandike hapo hapo.

7. Simu na ujumbe.

Namba ya simu ya mkononi ina tarakimu kumi na huanza na 06 au 07. Ukipiga kutoka nje, ondoa ile sifuri uweke +255. Wengi wanaandika +2550 halafu wanalalamika simu haiiti. Simu za mezani za Zanzibar huanza na 024, na kutoka nje ni +255 24.

Ujumbe wa WhatsApp nao uanze na salamu na jina lako: “Asalaam alaykum, mimi fulani, nimepewa namba yako na fulani. Samahani kwa usumbufu.” Yote hayo yaweke kwenye ujumbe mmoja pamoja na haja yako. Ukituma salamu peke yake ukakaa kungoja, mwenzio hajui unataka nini. Usipige wakati wa swala, wala usiku baada ya saa nne kama hapana dharura. Ikiwa ipo, namba ya dharura ni 112.

Kwa Wakenya: M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom Tanzania ni mikoba miwili mbalimbali. Usije na fedha zako zote ndani ya simu ukitegemea kulipa kila duka.

8. Mtaani.

Nguo za kuogea mwisho wake ni ufukweni. Ukitoka mchangani kwenda dukani, hata duka lililo hatua chache, jifunike. Mwanamme kutembea kifua wazi mjini ni vile vile. Mume na mke kushikana mikono hakuna shida, ila kukumbatiana na kubusiana kuachieni ndani. Pombe inapatikana kwenye hoteli na baadhi ya mikahawa. Usitembee na chupa njiani.

Picha, omba ruhusa kwanza, khasa kwa wanawake na watoto. Bandari, askari na majengo ya dola usiyapige. Msikitini usiingie kama si Mwislamu, mpaka ukaribishwe.

Kwenye baraza, kama pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, unaweza kukaa ukanywa kahawa chungu kwa kikombe kidogo kisicho na mkono. Kishike kwa mkono wa kulia, kata kashata kidogo, meza funda la kahawa. Mazungumzo ya siasa yatakuwepo, na ni matamu. Wewe sikiliza. Usimuulize mtu ni wa chama gani.

Daladala hupanga namba kwa njia: 505 ndiyo ya uwanja wa ndege, 116 ya Nungwi. Uliza nauli kwa abiria aliye karibu yako kabla ya kumpa konda noti kubwa. Mpishe mzee na mama mwenye mtoto hata kama wewe ndiye uliyetangulia.

9. Nyumbani kwa watu.

Piga hodi ukiwa pembeni ya mlango, usichungulie. Hodi ni tatu, usipoitikiwa, ondoka. Kama wewe ni mwanamme na ndani hamna mwanamme, utaambiwa hayupo: acha salamu, usisubiri mlangoni. Ukikaribishwa, vua viatu, salimia wote waliopo kwa kuanzia kulia au kwa mkubwa, kaa ulipoonyeshwa.

Chakula kikiletwa na huwezi kula, usikisukume. Onja kidogo. Ukiwakuta watu wanakula wakakwambia “karibu”, nawe hutaki, jibu lako ni “starehe”. Kula na kupokea ni kwa mkono wa kulia. Kwenye sinia la pamoja, kula upande ulio mbele yako. Zawadi ndogo hupendeza: sukari, matunda, majani ya chai. Mpe mwenye nyumba, siyo mbele ya kadamnasi.

10. Ukivuka kwenda Pemba.

Yote ya juu yanabaki, ila yaongezee utaratibu. Pemba salamu ni ndefu zaidi, na mgeni anaonekana tangu anaposhuka. Bandari kubwa ni Mkoani, uwanja wa ndege uko Chake Chake, na mji wa tatu ni Wete. Ratiba za boti ni chache kuliko za Dar es Salaam, kwa hiyo kata tiketi ya kurudi mapema. Mashine za kutolea fedha ni chache pia, na nje ya miji usizitegemee: toa fedha Unguja. Jioni maduka hufungwa mapema.

Ukifikia kijijini kwa zaidi ya usiku mmoja, mwenyeji wako akupeleke kwa sheha. Ni mazungumzo mafupi tu, na yatakulinda siku ukipata tatizo.

Msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa juu ya mikeka kando ya barabara. Usizikanyage, na dereva wako aziepuke. Na usinunue karafuu kwa mkulima ukitaka kuvuka nazo: ununuzi wa karafuu ni wa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzipitisha njia za panya ni kosa la magendo. Pakiti ndogo za viungo vya dukani hazina neno.

UKIKWAMA

Umeuliza njia, hukujibiwa. Rudi nyuma, toa salamu, kisha uliza tena. Mara nyingi tatizo ni hilo tu.

Umepotea Mji Mkongwe. Ulizia Darajani au Forodhani, kwani kila mtu anapajua. Muulize mwenye duka au wazee wa baraza, usimfuate kijana aliyejitolea bila kuulizwa.

Umeambiwa “njoo kesho” mara ya pili. Omba kwa upole kuonana na mkuu wa kitengo, umtajie jina na namba ya faili ulizoandika. Usipandishe sauti. Mtu akishafedheheshwa mbele ya wenzake, faili lako halitafunguka upesi.

Umeugua. Unguja kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba kuna Abdalla Mzee kule Mkoani, na kuna hospitali Chake Chake na Wete. Nenda na kitambulisho na fedha taslimu.

Umemkosea mtu bila kujua. Sema hapo hapo: “Nisamehe, mimi mgeni, sikujua.” Likiwa kubwa, mwende na mtu mzima wa nyumba uliyofikia, yeye ndiye azungumze.

Boti imeahirishwa. Msimu wa kusi, khasa Juni hadi Agosti, upepo huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Baki na tiketi yako, nenda ofisi ya kampuni siku hiyo hiyo ukapangiwe safari nyingine. Na kama una ndege ya kupanda Dar es Salaam, vuka siku moja kabla.